Macfarlane Burnet na Fumbo la Homa ya Mafua

Surua ukishaiugua utotoni kwa kawaida huiugui tena hadi uzeeni. Tetekuwanga nayo ni vivyo hivyo: hukuchora ngozi mara moja, ikaenda zake. Lakini homa ya mafua, ile inayolaza bweni zima muhula wa pili, kila mtu akikohoa na kusaga meno kwa baridi, hukupata mwaka huu na baada ya mwaka mmoja au miwili ikarudi kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa nini mwili uukumbuke ugonjwa mmoja na kuusahau mwingine? Na huko kukumbuka kwenyewe, mwili hukumbuka kwa kitu gani? Katika toleo hili nimechagua kuwasimulia maisha ya mtu aliyeyaandama maswali haya kwa zaidi ya miaka thelathini. Jina lake ni Frank Macfarlane Burnet, mwana wa Australia, ambaye vitabu vyetu vya Biolojia humtaja kwa mstari mmoja, kama vinamtaja.

Burnet alizaliwa tarehe 3 Septemba 1899 katika mji mdogo wa Traralgon, jimbo la Victoria. Baba yake alikuwa Mskochi aliyehamia Australia akawa meneja wa benki. Mac, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa mtoto wa pili katika watoto saba. Mnamo 1909 familia ilihamia mji wa Terang, wenye ziwa, na hapo ndipo kijana huyu alipopata ugonjwa wake wa maisha: kukusanya mbawakawa. Wenzake wakicheza mpira yeye alikuwa kando ya ziwa akigeuza magogo na mawe, akiwanasa wadudu hao na kuwapanga kwa aina zao. Mwingine angesema huo ni upuzi wa mtoto mpweke. Hata mimi nilipoanza kusoma habari zake niliona hivyo, lakini ngoja kidogo.

Katika ensaiklopidia aliyoipata utotoni alisoma habari za Charles Darwin. Wazo la Darwin, kwa ufupi, ni kwamba viumbe wa jamii moja hawafanani sawasawa. Yuko mwenye mdomo mrefu kidogo, yuko mwenye mdomo mfupi. Mazingira hayamfundishi ndege kurefusha mdomo. Mazingira huchagua tu. Yule ambaye mdomo wake ulishamfaa tangu mwanzo ndiye anayeshiba, anayeishi na kuzaa wengi. Mtu aliyewahi kupanga mbawakawa mia wa jamii moja mezani na kuona tofauti zao ndogo ndogo hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Naomba uliweke akilini, maana tutalihitaji mbele.

Kwa kuwa alikuwa na kichwa chepesi, alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya bweni ya Geelong College kuanzia 1913. Hakuipenda. Shule ile ilikuwa ya wana wa matajiri na wapenda michezo, naye alikuwa mwenye haya nyingi, hana kipaji cha mpira, tena habari za wadudu wake alizificha wenzake wasije wakamcheka. Sisi tunaolala mabwenini tunajua mambo hayo. Hata hivyo alipomaliza mwaka 1916 ndiye aliyeongoza shule nzima, akaongoza pia katika Historia, Kiingereza, Kemia na Fizikia. Akaenda Chuo Kikuu cha Melbourne kusomea udaktari.

Alikuwa angali mwanafunzi pale ulipokuja ule msiba wa dunia wa 1918 na 1919, homa ya mafua iliyoitwa ya Kihispania, ambayo inakadiriwa iliua watu wapatao milioni 50. Nasi haikutuacha. Iliingia kwa meli katika bandari ya Mombasa mwaka 1918, ikapanda na gari la moshi hadi bara, na ikazika watu wengi wa pwani na wa bara pia. Jambo lililowachanganya madaktari ni kwamba hawakujua hata kinachoua ni nini. Wengi walidhani ni bakteria fulani waliyemwona kwa hadubini kwenye makohozi ya wagonjwa. Kumbe muuaji mwenyewe alikuwa mdogo kiasi cha kupenya katika vichujio vinavyozuia bakteria, na hadubini za siku hizo hazikuweza kumwona. Alikuwa kirusi.

Burnet alihitimu mwaka 1922. Alitamani kuwa daktari wa wodini, lakini mkuu wa madaktari wa hospitali alimwona alivyo na haya, akaona kuwa maabara ndiyo itakayomfaa. Ushauri wa kuumiza kidogo, lakini sijui kama kuna mtu aliyewahi kuisaidia sayansi kwa urahisi hivyo! Burnet akaingia katika Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne, na isipokuwa vipindi viwili vya masomo na kazi kule London, hakuondoka humo mpaka alipostaafu mwaka 1965. Vyuo vikubwa vya ng'ambo vilimwita, alikataa. Mwaka 1928 alimwoa Linda Druce, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike.

Mwaka huohuo wa 1928, mwezi wa Januari, kulitokea balaa katika mji wa Bundaberg, jimbo la Queensland. Watoto 21 walidungwa chanjo ya dondakoo. Kabla ya siku mbili kwisha, 12 kati yao walikuwa wamekufa. Nchi nzima ilishtuka, na wazazi wakaanza kuiogopa sindano kuliko ugonjwa. Taasisi ya Hall ilipewa kazi ya kuchunguza, na Burnet akaipata sababu: chupa ya chanjo ilikuwa imeingiliwa na bakteria wale wale wanaosababisha majipu. Chanjo yenyewe haikuwa na hatia. Uchafu ndio uliokuwa na hatia.

Uchunguzi huo ulimwachia Burnet jambo la kumkosesha usingizi. Aliendelea kuwadunga sungura sumu ya bakteria hao baada ya kuipunguza makali, akipima kingamwili katika damu yao. Kingamwili, kwa asiyejua, ni protini ndogo zinazoogelea katika damu na katika majimaji ya mwili, kila moja ikiwa na ncha zinazoshika kitu kimoja maalumu, kama ufunguo na kufuli lake. Burnet aliona kuwa sungura akidungwa mara ya pili, kingamwili zake hazipandi polepole kama maji yanayojaza pipa. Huruka: mbili huwa nne, nne huwa nane, nane kumi na sita. Sasa fikiri mwenyewe. Vitu gani duniani huongezeka namna hiyo? Kitu kinachotengenezwa kiwandandi hakiongezeki hivyo. Kinachozaana ndicho kinachoongezeka hivyo. Burnet hakuwa na jibu bado, lakini swali hilo halikumtoka tena.

Kati ya 1932 na 1933 alikuwa London, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba kule Hampstead. Bahati ilikuwa upande wake, kwani mwaka 1933 hapohapo watafiti watatu, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walifaulu kukipata kirusi cha homa ya mafua cha binadamu. Walichukua maji aliyosukutulia mgonjwa kooni, wakayatia puani mwa ferreti, vijinyama vya jamii ya kicheche. Ferreti wakaanza kupiga chafya na kutoka makamasi kama watu. Mmoja alimpigia chafya Wilson Smith usoni, na baada ya siku chache bwana huyo akalala kitandani kwa homa. Ushahidi ulioje! Watafiti hao wakaona pia kuwa damu ya mtu aliyepona, ikichanganywa na kirusi kabla ya kumtia ferreti, humzuia asiugue. Ndani ya damu ile kulikuwa na kitu kinachokifunga kirusi mikono. Ndizo kingamwili.

Burnet aliporudi Melbourne alikuwa na mbinu aliyoiendeleza kwa subira ya mkusanya wadudu: kukuza virusi ndani ya yai la kuku lenye kifaranga kinachokua. Kirusi hakizaani kwenye chakula cha maabara kama bakteria. Hutaka chembe hai. Yai ni maabara kamili yenye kuta zake, joto lake na chakula chake, tena bei yake ni ya sokoni. Alitoboa ganda, akatia kirusi, akaziba, akangoja. Kwa njia hii alikuza virusi vya mafua, akavipima, akavidhoofisha. Sehemu kubwa ya chanjo ya mafua duniani imeendelea kutengenezwa kwa mayai hadi karne hii ya 21, na anayebishana aulize wafugaji wanaoviuzia viwanda hivyo. Burnet hakupenda mitambo mikubwa. Alifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, mezani pake, hata alipokuwa mkurugenzi wa taasisi kuanzia 1944.

Hapa ni lazima tusimame kidogo tukitazame kirusi chenyewe, maana bila hivyo maisha ya Burnet hayaeleweki.

Kirusi cha mafua ni kama tufe lililojaa miiba. Miiba iko ya aina mbili. Ule wa kwanza, hemaglutinini, ndio mkono wa kushikia: hukamata sukari fulani zilizoko juu ya chembe za pua na koo, na kirusi kikishajishika huingia ndani, kikaigeuza chembe hiyo iwe kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Wa pili, neuraminidasi, ni kama mkasi: hukata sukari hizo ili virusi vipya vitoke viende kushambulia chembe za jirani. Kingamwili nzuri ya mafua hufanya nini basi? Huukalia ule mwiba wa kwanza kichwani. Mkono ukishafunikwa hauwezi kushika mlango, na kirusi huzungukazunguka nje mpaka kifagiliwe na makamasi au kimezwe na chembe nyeupe za damu, ambazo huvutwa na kingamwili zilizokibandika. Kingamwili za mkasi hazizuii kirusi kuingia, ila huvifanya virusi vipya vikwame mlangoni, kwa hiyo ugonjwa huwa mwepesi. Nyingine hukaa katika ute wa pua na koo kama askari wa geti, zikingoja mgeni kabla hajafika ndani.

Mambo haya yalijulikana kidogo kidogo. Mwaka 1941 Mmarekani George Hirst aligundua kuwa majimaji ya yai lenye kirusi cha mafua yakikutana na chembe nyekundu za damu ya kuku, chembe hizo hugandana. Ukitia damu ya mtu aliyepona, hazigandani. Kwa hiyo sasa mtu angeweza kupima kingamwili za mafua kwa dakika chache bila ferreti wala kelele. Burnet alikuwa ameshapasua mayai mengi sana bila kuliona jambo hilo. Lakini badala ya kununa alilichukua akaliendeleza. Yeye na wenzake walionyesha kuwa bakteria wa kipindupindu hutoa kitu kinachofuta zile sukari kwenye chembe, na chembe iliyofutwa haishikwi tena na kirusi. Akamshawishi mwanakemia Alfred Gottschalk, mkimbizi kutoka Ujerumani, aifuatilie kemia yake. Gottschalk ndiye aliyeeleza kazi ya ule mkasi. Miaka mingi baadaye wanasayansi wa Australia walitengeneza dawa ya kuuziba, zanamivir, iliyoidhinishwa mwaka 1999.

Si kila alichogusa kiligeuka dhahabu. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, serikali yake iliogopa yasije yakarudi ya 1918. Burnet akatengeneza chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, ya kunyunyizwa puani, na kuanzia 1942 ikajaribiwa kwa wanajeshi waliojitolea. Matokeo hayakumridhisha mtu, naye akaiweka kando. Kule Marekani Thomas Francis alitumia virusi vilivyouawa, akafaulu, na chanjo hiyo ikapewa kibali mwaka 1945. Watu wakashangilia. Lakini mwaka 1947 chanjo hiyo hiyo ilishindwa kabisa kuwakinga watu!

Kirusi kilikuwa kimebadili miiba. Hili ndilo fumbo tulilolianza nalo. Kingamwili ulizozipata mwaka jana bado unazo, tena ni hodari, lakini zinatafuta kichwa cha mwiba wa mwaka jana. Kirusi cha mafua kinapojinakili hukosea kosea, na baadhi ya makosa hayo huubadili mwiba kidogo tu, kiasi cha ncha za kingamwili kuteleza. Kirusi cha surua nacho hukosea, ila miiba yake haivumilii mabadiliko makubwa. Ikibadilika sana haishiki tena. Kwa hiyo mwili hausahau mafua. Unamkumbuka vizuri mwizi, ila mwizi amebadilisha sura. Tena Burnet na msaidizi wake Patricia Lind walionyesha kuwa aina mbili za virusi vya mafua zikikutana katika chembe moja huweza kubadilishana sehemu na kuzaa machotara. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa homa za 1957 na 1968, zilizoizunguka dunia nzima.

Basi lilibaki lile swali kubwa zaidi. Mwili unatengenezaje kingamwili inayolingana barabara na mwiba ambao haujapata kuuona tangu kuumbwa kwake?

Jibu lililokubaliwa miaka ya 1940 lilikuwa la Linus Pauling, mwanakemia mashuhuri wa Marekani, na lilikuwa zuri kwelikweli. Yeye alifikiri hivi: kingamwili ni kama kitambaa, na kijidudu ni kama mteja aliyeingia kwa fundi cherehani. Fundi humzungushia kitambaa, humpima kiuno na mabega, kisha hushona nguo inayomkaa sawasawa. Yaani kijidudu chenyewe ndicho kinachoifundisha kingamwili umbo lake. Wataalamu wengi waliridhika.

Burnet hakuridhika. Fundi cherehani hawezi kueleza kwa nini kingamwili huruka mbili, nne, nane. Hawezi kueleza kwa nini nguo huendelea kushonwa miaka mingi baada ya mteja kuondoka. Wala hawezi kueleza kwa nini mara ya pili nguo huwa imekaa vizuri zaidi kuliko ya kwanza. Na zaidi ya yote, kwa nini fundi huyu hawapimi wenye nyumba? Kwa nini mwili haujitengenezei kingamwili za kujishambulia wenyewe? Burnet na Frank Fenner waliandika mwaka 1949 kuwa mwili hujifunza kujitambua kabla ya kuzaliwa. Burnet alijaribu kulithibitisha hilo kwa kutia virusi vya mafua katika mayai, akashindwa. Peter Medawar na wenzake kule Uingereza walilithibitisha kwa panya mwaka 1953.

Mwaka 1955 Niels Jerne wa Denmark alitoa wazo kwamba labda kingamwili za kila namna zimo mwilini tangu mwanzo. Burnet alilitafakari, na mwaka 1957 akaona kilichopungua. Zinazochaguliwa si kingamwili. Ni chembe zinazozitengeneza.

Niruhusu nikupeleke Gikomba, au ukipenda Kongowea. Muuza mitumba hapimi mtu. Ametundika makoti elfu, kila moja la aina yake, mengi yao hayatamfaa mtu yeyote milele. Mteja huingia, hujaribu hili, hujaribu lile, mpaka analipata linalomkaa. Sasa fikiri kwamba koti hilo likishavaliwa linaanza kuzaa makoti mengine kama lenyewe, elfu kwa maelfu! Ndivyo alivyosema Burnet. Tunazaliwa na chembe nyeupe nyingi mno, na kila moja inatengeneza kingamwili ya umbo moja tu, lililopatikana kwa bahati nasibu. Kirusi kinapoingia hakifundishi kitu. Kinaangukia chembe ambayo kingamwili yake ilikuwa tayari inakifaa, na kuguswa huko ndiko kunakoiamsha ianze kuzaana. Ndiyo sababu tezi za shingo huvimba ukiugua koo, na ndiyo sababu siku za kwanza za mafua unateseka: chembe zako chache zinazofaa bado zinahesabu mbili, nne, nane. Ukipona, baadhi ya watoto wa chembe hizo hubaki wakilinda kwa miaka mingi. Na zile chembe ambazo zingeushambulia mwili wenyewe? Hizo huondolewa mapema.

Unaona sasa mbawakawa walikotupeleka? Ni Darwin yuleyule, ila safari hii uteuzi hautendeki porini kwa karne nyingi, unatendeka ndani ya mtu kwa wiki mbili.

Burnet alijua wazo hili ni hatari. Kumpinga Pauling bila hata jaribio moja mkononi si mchezo, na jina lake la miaka thelathini lingeweza kuchafuka. Basi alifanya ujanja ambao mimi nausifu. Aliandika kurasa tatu tu, akazichapisha mwaka huohuo wa 1957 katika jarida la nyumbani, Australian Journal of Science, ambalo watu wa London na New York hawakuwa na mazoea ya kulisoma. Wazo likiwa kweli, tarehe inaonyesha nani alilitoa. Likiwa upuzi, wachache wataliona. David Talmage wa Marekani alikuwa akielekea njia hiyohiyo wakati uleule. Kisha Burnet akafanya jambo la kuwashtua wenzake: aliigeuza taasisi nzima, iliyokuwa na sifa duniani kwa utafiti wa virusi, akaifanya ya kuchunguza kinga ya mwili. Wapo waliohama.

Jaribio lilifanywa na kijana wa miaka ishirini na kitu, Gustav Nossal, pamoja na Joshua Lederberg aliyekuwa amekuja kutoka Marekani. Waliwapa panya vijidudu vya aina mbili kwa pamoja, kisha wakazitenga chembe moja moja, kila moja katika tone lake. Kama fundi cherehani yupo, chembe moja ingeweza kushona nguo za wateja wote wawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1958 yalionyesha kuwa kila chembe ilitengeneza kingamwili ya aina moja tu. Haikuwa ushindi wa siku moja, ubishi uliendelea miaka kadhaa, lakini fundi alikuwa ameanza kufunga duka. Mnamo 1976 Susumu Tonegawa wa Japani alionyesha jinsi bahati nasibu ile inavyochezwa: chembe hukata na kuunganisha vipande vya jeni zake kwa mpangilio tofauti tofauti. Burnet alikuwa hai akayashuhudia hayo.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1960 pamoja na Medawar, kwa lile la mwili kujitambua. Yeye mwenyewe aliona kuwa wazo la uteuzi wa chembe ndilo kubwa zaidi. Mwaka huohuo alikuwa mtu wa kwanza kuitwa Mwaustralia wa Mwaka.

Msidhani alikuwa malaika. Nyaraka za siri zilizofichuliwa mwaka 1998 zilionyesha kuwa mnamo 1947 aliishauri serikali yake ifikirie silaha za vijidudu dhidi ya nchi za Asia zenye watu wengi. Mtu aliyehangaika kujua watoto wa Bundaberg walikufa kwa nini aliweza pia kuandika hayo, na sioni njia ya kuyapatanisha. Upande mwingine, mwaka 1951, watu walipoogopa kuwa kirusi kilichosambazwa kuua sungura waharibifu ndicho kinachowaua watoto kwa homa ya ubongo, yeye, Fenner na Ian Clunies Ross walijidunga kirusi hicho. Hawakuugua, na hofu ikatulia. Uzeeni aliamini kuwa enzi ya magonjwa ya kuambukiza ilikuwa inakwisha. Miaka michache baadaye UKIMWI ulibisha hodi.

Burnet alifariki tarehe 31 Agosti 1985, siku tatu kabla hajatimiza miaka 86. Alizikwa kwa heshima za kitaifa, karibu na kaburi la babu na nyanya yake, kule Tower Hill.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha habari ambayo ingemfurahisha sana. Waliwatafuta wazee 32 waliozaliwa mwaka 1915 au kabla yake, yaani waliokuwa watoto ile homa ya Kihispania ilipopita. Mdogo wao alikuwa na miaka 91, mkubwa wao 101. Wote walikuwa bado na kingamwili za kirusi cha 1918 katika damu. Kisha zikatafutwa zile chembe zenyewe, zile zilizochaguliwa utotoni, na katika baadhi yao zikapatikana. Kingamwili zilizotokana na chembe hizo walipewa panya walioambukizwa kirusi cha 1918, na panya hao wakapona.